Mtarajali asihesabiwe kichwa kwenye rosta ya usiku

Ndugu Mhariri,

Nimestaafu baada ya miaka 35 ya uuguzi na ukunga, 19 kati ya hiyo nikiwa in-chaji, yaani msimamizi, wa leba, wodi ya kujifungulia, katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa huku Nyanda za Juu Kusini. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo nililisema vikaoni miaka nenda rudi na halikuwahi kuingia kwenye muhtasari.

Kwa msomaji asiye wa fani yetu, mtarajali ni daktari aliyemaliza miaka 5 ya chuo kikuu, au muuguzi aliyepata shahada, akaletwa hospitalini kufanya kazi miezi 12 chini ya uangalizi kabla hajasajiliwa kamili. Daktari mtarajali huzungushwa idara kubwa nne: tiba, upasuaji, watoto, na wanawake na uzazi. Muuguzi naye hupita wodi kwa wodi. Neno la kushika hapo ni "chini ya uangalizi". Limo kwenye miongozo yote. Mimi naomba litolewe kwenye miongozo liwekwe kwenye rosta, kwa jina la mtu na saa zake, kwa sababu rosta ndiyo inayoamua nani atasimama wapi saa nane za usiku. Miongozo hukaa ofisini kwenye jalada.

Nitaeleza ninachokijua kwa macho yangu.

Mwaka 2016, mwezi wa nne, usiku wa mvua. Mwenzetu alikuwa amefiwa, nikaingia mwenyewe zamu ya usiku kuziba pengo. Leba tulikuwa watatu: mimi, mhudumu wa afya mmoja, na binti mtarajali aliyekuwa na siku tisa tangu aripoti. Akina mama wenye uchungu walikuwa sita. Kwenye rosta ilionekana wauguzi wawili wa usiku, na kwa hesabu ya karatasi hilo lilikuwa sawa. Rosta hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Saa saba na nusu nikawa nyuma ya pazia na mama wa mapacha, wa kwanza ameshatoka, wa pili amekaa matako. Kitanda cha tatu alikuwepo mama mwingine, uzao wake wa tano, ameshajifungua salama, kondo la nyuma limetoka, sindano ya oksitosini amechomwa. Nilipokuwa navaa glovu nilimwambia yule binti neno moja: "Mwangalie."

Mhariri, mimi nikisema "mwangalie" nina maana yangu. Nina maana tia mkono chini ya blanketi, shika tumbo chini ya kitovu uone kama mfuko wa uzazi umekaza, vuta khanga aliyolalia uitazame, hesabu mapigo, rudi baada ya dakika 15 ufanye hivyo tena. Nina maana hiyo kwa sababu neno hilo nimelisikia likisemwa hivyo tangu 1990, na mkunga mzee aliyenipokea wodini aliushika mkono wangu akauweka juu ya tumbo la mama akaniambia sikiliza kwa kiganja. Yule binti alisikia Kiswahili cha kila siku. Akamwangalia.

Alimwangalia kweli, usoni. Mama alikuwa ametulia, amefumba macho, amefunikwa blanketi mpaka kifuani kwa sababu ya baridi. Akampima presha, akaandika 110 kwa 70. Akapima tena, ikawa 90 kwa 60, mapigo 118. Akadhani mashine imeharibika, na wala hakuwa mjinga kudhani hivyo, maana mashine ile kweli ilikuwa na tabia hiyo. Akaenda wodi ya jirani kuazima nyingine. Mimi nikiwa nyuma ya pazia nilisikia nyayo zake zikienda, na sikumuuliza anakwenda wapi, mikono yangu ilikuwa na mtoto.

Nilipotoka na kuvuta lile blanketi, khanga ilikuwa imelowa, godoro limelowa, na damu imefika ukingo wa kitanda upande wa ukutani ambako hakuna apitaye. Mfuko wa uzazi ulikuwa laini kama unga uliozidi maji. Nikaanza kuusugua, nikaita. Mhudumu akakimbilia dripu. Binti akarudi na mashine ya presha mkononi, akasimama mlangoni.

Daktari wa zamu alikuja mbio kutoka wodi nyingine, naye ni mtarajali, kijana mzuri, mwezi wa tatu tangu aanze. Akatia kanula ya pili mshipani. Akatoa simu yake mfukoni kumpigia daktari bingwa nyumbani, na sote tukasikia ile sauti ya kike ya mtandao ikimwambia salio lake halitoshi. Simu ya wodi ilikuwa haina vocha tangu wiki iliyotangulia. Nilimpa yangu kwa kumwonyesha kwa kidevu mfuko wa sare, maana mikono yangu haikuweza kutoka pale ilipokuwa.

Yule mama alipona. Alipata chupa mbili za damu, kizazi chake kikabaki, na siku ya tano akaondoka na mwanawe mgongoni mwa shangazi yake. Nalisema hilo mapema ili msomaji asiwe na wasiwasi naye, kwa sababu ninayetaka kumzungumzia ni yule binti.

Nilimkuta saa kumi na moja alfajiri kwenye chumba cha kuoshea vyombo, amefungulia bomba la maji ili tusimsikie. Nikamuuliza kwa nini hakuniita. Akasema: "Shikamoo Sista, nisamehe, nilikuona uko na mapacha, nikaogopa kukusumbua. Nikasema nipate kwanza presha ya uhakika, usije ukaniona sijui kupima." Alinisalimia kwanza, Mhariri. Katika hali ile.

Uongozi ulikaa. Binti akaandikiwa barua atoe maelezo ndani ya saa 48. Mimi niliyemwandika kwenye rosta kama muuguzi kamili, nikamwacha na neno moja, sikuandikiwa chochote. Nilikwenda kwa matroni nikapeleka barua yangu bila kuombwa, nikaeleza kwamba siku ya tisa mtu hajui kwamba damu ya mzazi hujificha ukutani, na aliyetakiwa kumwambia ni mimi. Barua ilipokelewa. Sikujibiwa.

Tangu mwezi uliofuata nilibadili namna ya kuandika rosta ya leba. Majina ya watarajali niliyatoa kwenye safu ya wauguzi nikayaandika chini ya mstari, kwa kalamu nyekundu, na mbele ya kila jina nikaandika jina la mkunga mmoja. Huyo ndiye mlezi wake kwa zamu ile. Kwa wiki sita za mwanzo mtarajali hahesabiwi. Kama zamu inahitaji wakunga wawili, wawe wawili, na yeye awe wa tatu.

Sitaficha gharama yake. Ikama yetu, yaani idadi ya watumishi, haikutosha tangu awali, na kumtoa mtarajali kwenye hesabu kulimaanisha mimi mwenyewe kuingia usiku mara nyingi zaidi, na wenzangu kukosa siku za mapumziko walizozizoea. Walinung'unika, na walikuwa na haki. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba yeye aliajiriwa kuzalisha na wala si kufundisha, ualimu una watu wake na mshahara wake. Nilikosa la kumjibu, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kujaza fomu za kupima utendaji, za OPRAS zamani na hizi za kwenye mfumo siku hizi, sijawahi kuulizwa na mkubwa wangu nimewafundisha watarajali wangapi. Nimeulizwa idadi ya waliojifungua. Nimeulizwa vifo. Nimeulizwa hata idadi ya mashuka.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo lenyewe. Mkunga anayesimama na mtarajali dakika 20 kitandani hana pa kuziandika dakika hizo. Bingwa anayekubali kuamshwa saa tisa za usiku na kijana anayeuliza swali analoona la kipuuzi, hana anachopata zaidi ya usingizi kukatika. Kwa hiyo kazi ya kulea inabaki kwa wale wenye moyo, na wenye moyo nao huchoka, huhamishwa, hustaafu kama mimi.

Turudi kwenye mafunzo yenyewe. Sisi Watanzania tunaamini sana semina. Watu wanakusanywa ukumbini siku tatu, kuna bango, kuna chai na maandazi, kuna posho, vyeti vinagawiwa, picha inapigwa. Sizibezi, nami nimejifunza mengi humo. Lakini tuna ushahidi wa hapa hapa nyumbani kwamba semina peke yake haifiki kitandani kwa mgonjwa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kule Mbulu mkoani Manyara, mwaka 2010 iliwapa wahudumu wake mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga aliyezaliwa bila kupumua, yale yanayoitwa Helping Babies Breathe. Miezi saba baadaye wakapimwa kwa mwanasesere, wakafanya vizuri kuliko kabla ya mafunzo. Lakini walipotazamwa na watoto wenyewe pale leba, kazi yao ilikuwa ileile ya siku zote. Wenyewe wakalisema hilo hadharani, wakalichapisha, jambo ambalo nawaheshimu kwalo mpaka leo.

Kisha wakabadili mbinu. Mwanasesere akawekwa hapo hapo leba, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, mtu akiwa ndani ya zamu yake na sare yake. Vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za mwanzo vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Matokeo hayo yalichapishwa 2015, na tangu hapo kazi ya namna hiyo ilipelekwa kwenye vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na huko nako vifo vya akina mama na watoto vikapungua. Dakika tano kwa wiki, Mhariri. Sababu yake mkunga yeyote anaielewa: mkono hausomi, mkono huzoea.

Mimi sikuwa na mwanasesere wa kisasa. Nilikuwa na khanga mbili kuukuu na juisi nyekundu ya choya. Kila kundi jipya la watarajali lilipofika, jioni ya kwanza nilitandika khanga juu ya karatasi ya nailoni, nikamwaga nusu lita ya choya iliyochemshwa, nikawauliza: huyu mama ametoka damu kiasi gani? Karibu wote husema kikombe kimoja. Wachache husema viwili. Nawaonyesha chupa tupu yenye alama ya mililita 500, na hicho ndicho kiwango ambacho tukikifikia baada ya mama kujifungua tunasema anatokwa na damu kupita kiasi. Kisha namwaga nusu lita nyingine juu ya khanga ileile, nawaambia watazame tena. Tofauti kati ya khanga ya kwanza na ya pili kwa macho ni ndogo mno, na kwa mama ni kubwa mno. Siku hizi ipo mifuko ya plastiki yenye mistari ya vipimo inayowekwa chini ya mama, na utafiti mkubwa uliohusisha hospitali za Tanzania na Kenya, uliotoka 2023, umeonyesha faida yake ikitumika pamoja na matibabu yanayotolewa kwa mkupuo mmoja. Mifuko hiyo ikifika kila leba nitashukuru. Lakini hata mfuko unahitaji mtu wa kumwambia kijana: inama, usome mstari.

Wale waliopita kwenye khanga zangu waliniita mapema. Wengine waliniita mno, kwa mambo ya kawaida kabisa, na niliwakataza wenzangu kuwasonya. Msonyo mmoja wa mkunga mkubwa mbele ya mgonjwa unamnyamazisha mtarajali kwa mwaka mzima. Nimewaona madaktari vijana wakisutwa kwenye raundi ya asubuhi, bingwa amewazunguka na wanafunzi, mgonjwa kalala anasikiliza, kwa kosa la kutojua kitu ambacho walikuja kukijifunza. Kijana yule usiku hatapiga simu. Atabahatisha. Nawaomba mabingwa wetu, wengi wao niliwapokea wakiwa watarajali wenye mikono inayotetemeka, wakumbuke jinsi tulivyowatuliza.

Tunapojadili watarajali magazetini, huwa ni posho. Sawa, posho ni haki yao, na mtu mzima mwenye shahada hawezi kulala kwa shemeji na kula kwa mkopo huku anahudumia wagonjwa. Mgomo wa madaktari wa 2012 ulianza na watarajali wa Muhimbili waliokuwa wanadai posho zao, na nchi nzima ilitikisika. Wenzetu wa Kenya mwaka 2024 walikuwa na mgomo wa siku 56, na kiini cha ugomvi kilikuwa malipo ya watarajali: mkataba wa 2017 ulisema shilingi 206,000 za kule kwa mwezi, serikali ikataka iwape 70,000. Walipwe. Mimi naongeza swali ambalo sijaliona kwenye mabango ya migomo wala kwenye majibu ya mawaziri: akishalipwa, usiku anasimama na nani?

Na yupo ambaye hana hata huo mwaka wa utarajali. Muuguzi wa astashahada au stashahada anamaliza chuo, anafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, anapata leseni, na akibahatika kuajiriwa anaweza kupelekwa zahanati ya kijijini ambako wao ni wawili, mwenzake akiwa likizo ni yeye peke yake na taa ya sola. Hao ndio wanaozalisha wanawake wengi wa nchi hii. Nilipokuwa kazini nilikuwa nikipokea simu zao usiku, kutoka wilaya ambazo wala sikuwa na mamlaka nazo, kwa sababu tu waliwahi kupita kwangu wakiwa wanafunzi na namba yangu walikuwa nayo. "Sista, mtoto ametoka mkono." "Sista, kondo halitoki, ni saa nzima sasa." Nilikuwa nalala na simu kwenye mto. Marehemu mume wangu alizoea. Uangalizi wa wauguzi wapya wa mkoa haufai kutegemea mto wa bibi mmoja.

Juu zaidi ya hapo wapo madaktari wanaosomea ubingwa. Miaka yao ni mitatu au zaidi, na ni wao wanaobeba wodi za Muhimbili, KCMC na Bugando usiku na mchana, huku kwenye vitabu vya chuo wakihesabiwa wanafunzi wanaopaswa kulipiwa ada. Ufadhili wa serikali umeongezeka miaka hii na nimefurahi kuona vijana wa hospitali yetu wakiupata. Lakini wapo wanaojilipia wenyewe, na daktari anayelala wodini siku tatu kwa wiki huku akitafuta ada hana nguvu ya kumlea mtarajali aliye chini yake. Kwenye upasuaji kuna mfano ninaoupenda: Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, chenye ofisi zake Arusha, hakina majengo ya kusomea. Daktari anabaki kwenye hospitali inayomfundisha, chini ya mpasuaji anayejulikana kwa jina, na kila upasuaji anaoufanya unaandikwa: alisaidia, alifanya akisimamiwa, alifanya mwenyewe. Hatua hizo ndizo nilizofundishwa na mkunga mzee 1990 bila daftari lolote. Kama zinawezekana kwa anayeshika kisu, zinawezekana kwa anayemtazama mama aliyejifungua.

Baada ya mwaka wa utarajali mambo hayanyooki. Vijana wanarudi nyumbani kusubiri matangazo ya ajira, mwaka mmoja, miwili, wengine mitatu. Wengine wanajitolea kwa nauli tu. Mwaka jana nilikwenda kutoa pesa kwenye kibanda cha miamala, aliyenihudumia akanisalimia kwa jina: niliwahi kumfundisha kufunga kanula kwa mtoto mchanga, alikuwa na kidole chepesi sana kwa kazi ile. Aliniambia ana miezi 26 hajashika sindano. Siku atakayopangiwa kituo ataingia rosta ya usiku kama mtu kamili, mwenye leseni na uzoefu wa mwaka mmoja, na hakuna atakayefikiri kwamba anahitaji wiki sita za kushikwa mkono upya. Nasema anazihitaji. Mkono uliokaa miaka miwili bila kazi urudishwe taratibu, na mtu awe karibu.

Kwa hiyo ninachoomba Wizara ya Afya, TAMISEMI na waganga wafawidhi kinaweza kuanza mwezi ujao, na sehemu yake kubwa haina gharama. Kwenye kila rosta ya usiku, mbele ya jina la kila mtarajali na kila mwajiriwa mpya, liandikwe jina la mlezi wa zamu ile. Wiki sita za mwanzo asihesabiwe kwenye idadi ya wanaotakiwa. Malezi hayo yahesabiwe kazi wakati wa kupima utendaji na wakati wa kupandisha madaraja, ili yule mwenzangu aliyeniambia ualimu una watu wake apate jibu. Simu ya kila wodi iwe na salio wakati wote, na namba ya bingwa wa zamu ibandikwe ukutani, pamoja na maneno ya uongozi wenyewe kwamba anayepiga simu usiku hataulizwa kwa nini amepiga. Najua ikama haitoshi. Ilikuwa haitoshi nilipoanza na haitoshi leo, lakini kumhesabu mtoto wa siku tisa kama mkunga hakujawahi kuongeza mkunga hata mmoja. Kunatudanganya tu kwenye karatasi, na damu haisomi karatasi.

Yule binti aliendelea. Nilimwomba matroni amwache leba hadi miezi yake mitatu itimie, badala ya kumhamishia wodi nyingine kama ilivyokuwa imependekezwa, na kila zamu yake nilihakikisha jina langu au la mkunga mwingine mwenye subira liko mbele ya lake. Wiki ya tano, usiku wa manane, aliniita kwa sauti ambayo iliwaamsha hata wa wodi ya jirani. Nilipofika mkono wake ulikuwa tayari tumboni kwa mama, anasugua, khanga ameivuta na kuitandaza kwenye kiti mahali pa mwanga ili niione. Damu ilikuwa bado kidogo. Akaniambia: "Sista, mfuko ulilegea, sasa unakaza, njoo uushike." Nikaushika. Ulikuwa umekaza.

Leo ni mkunga katika wilaya moja ya mpakani, na ana watarajali wake.

Nilipokabidhi ofisi, mambo mengi niliyaacha kwa orodha iliyosainiwa: viti, mashine, mikasi, funguo. Khanga mbili hazikuwemo kwenye orodha kwa kuwa ni mali yangu. Nimeziacha kabati la leba, droo ya chini kabisa upande wa kushoto, pamoja na ile chupa yenye alama ya mililita 500. Zimefuliwa. Madoa ya choya hayakutoka. Atakayepokea kundi lijalo la watarajali azitoe jioni ile ya kwanza, kabla hajawapangia usiku.

Mkunga mstaafu,
Nyanda za Juu Kusini